Mlinzi, Gadi na Hesabu ya Ulinzi: Istilahi za Takwimu katika Mpira wa Kikapu

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zinazohitajiwa na kila atakaye kupima kwa takwimu kazi ya ulinzi katika mpira wa kikapu, hasa kazi ya wale wachezaji wawili wa nyuma ambao wengi wetu huwaita walinzi. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la wanamichezo tu, wala halimhusu mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali. Sivyo. Fomu ya kuandikia takwimu ni hati kama hati nyingine yoyote. Ina safu, safu zina vichwa, na vichwa hivyo ni istilahi. Jambo lisilokuwa na jina halipewi safu, na lisilopewa safu halihesabiwi.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Tanga. Timu ya mkoa iendayo katika mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA hukusanya vijana wa pwani na wa milimani: wa Tanga mjini, Pangani, Mkinga na Muheza, hata wa Korogwe na Lushoto. Mwalimu wa Pangani hana fursa ya kumwona kila mwanafunzi wa Lushoto akicheza michezo mingi. Kwa hiyo karatasi ndiyo huwasemea wasiojulikana. Ikiwa karatasi hiyo ina safu ya alama zilizofungwa na safu ya mipira iliyopokonywa, bila zaidi, basi kijana ambaye umahiri wake ni kumnyima mpinzani nafasi atabaki nyumbani, ingawa timu yake imeshinda kwa sababu yake. Hapa ndipo lugha inapogusa haki ya mtu.

2. Jina la nafasi na jina la kazi

Tatizo la kwanza limo katika neno lenyewe mlinzi. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mjini Springfield, Marekani, mwaka 1891. Katika mchezo wa kwanza kila upande ulikuwa na wachezaji 9: watatu nyuma, watatu kati na watatu mbele. Wale wa nyuma walikaa karibu na kikapu chao ili wakilinde, na jina lao la Kiingereza lilikuwa na maana hiyohiyo ya kulinda. Baadaye wachezaji wakapunguzwa kuwa 5, na mchezo ukabadilika. Siku hizi wachezaji wa nyuma ndio wapandishao mpira, wagawao pasi na wapangao mashambulizi. Jina limebaki, kazi imehama.

Basi tukilifasiri jina hilo neno kwa neno tunapata sentensi zenye utata. Mtu akiandika, "Walinzi walicheza vibaya," je, anakusudia wale wawili wa nyuma, au wachezaji wote 5 walipokuwa wakilinda? Katika kandanda utata huu ni mdogo, maana beki kazi yake kubwa ni kulinda. Katika mpira wa kikapu wote hushambulia na wote hulinda.

Twapendekeza neno gadi litumike kwa nafasi, na mlinzi libaki kwa kazi. Neno gadi si geni katika pwani yetu. Baharini, gadi ni mti wa kuegemezea chombo kilichopwelewa ili kisilale ubavu. Katika reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na nyinginezo, gadi alikuwa mtumishi aliyesimamia safari ya garimoshi. Maana hii ya pili inatufaa sana, kwa kuwa gadi wa mpira wa kikapu naye husimamia safari ya mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Wingi wake na uwe gadi vilevile, "gadi hawa", wala si magadi, lisije likachanganywa na magadi ya kupikia maharage.

3. Kuiba, kunyang'anya au kupokonya

Tatizo la pili ni jina la tendo ambalo ndilo sifa kubwa ya gadi hodari: kumwondolea mpinzani mpira. Wachezaji wengi husema kuiba. Neno hili lina uhai, lakini lina dosari mbili: latia doa la hatia katika tendo halali, na tena mwizi hufanya kazi yake kwa siri, hali gadi hufanya yake mbele ya macho ya mwamuzi. Kunyang'anya nako kwaashiria nguvu, na nguvu juu ya mwili wa mpinzani ni faulo. Twaona kupokonya kwafaa zaidi, kwa kuwa maana yake imeelemea ule wepesi wa mkono. Jina la tendo litakuwa upokonyaji, nalo lihusu hali mbili: kupokonya mkononi na kupokonya njiani, yaani kuidaka pasi ya mpinzani.

Katika ligi ya NBA ya Marekani upokonyaji na uzimaji wa mitupo vilianza kuhesabiwa rasmi katika msimu wa 1973/74. Mtanzania Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi hiyo mwaka 2009, alipata sifa chuoni Connecticut hasa kwa kuzima mitupo. Lakini yeye ni mchezaji wa kati mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.2. Gadi, ambaye mara nyingi ndiye mfupi uwanjani, hazimi mitupo mingi. Hivyo safu inayobaki kumshuhudia ni ile ya upokonyaji peke yake.

Nayo safu hiyo haitoshi. Alvin Robertson, gadi wa timu ya San Antonio, alipokonya mara 301 katika msimu wa 1985/86, naye akachaguliwa mlinzi bora wa mwaka. Idadi hiyo ni wastani wa mara 3.67 kwa mchezo. Lakini katika ligi ile, wakati ule, kila timu ilipata nafasi ya kushambulia mara 100 hivi kwa mchezo. Zaidi ya nafasi 90 zilikwisha kwa njia nyingine, na upokonyaji wake hautuelezi lolote juu ya hizo. Zaidi ya hayo, gadi apendaye kupokonya huacha mahali pake. Akikosa, mpinzani hupita mbio, na kosa hilo halina safu.

Mlinzi wa shamba akaaye dunguni hasifiwi kwa idadi ya ngedere aliowapiga mawe. Husifiwa kwa mahindi yaliyobaki siku ya mavuno. Kadhalika gadi: la kuulizwa ni wapinzani walifunga alama ngapi alipokuwapo.

4. Zamu

Ili swali hilo lijibiwe kwa haki, twahitaji kipimo cha nafasi za kushambulia. Timu moja hucheza kwa haraka, nyingine kwa utulivu. Kufungwa alama 60 katika mchezo wa haraka si sawa na kufungwa 60 katika mchezo wa polepole. Wafasiri wengine husema umiliki wa mpira. Twaliona neno hilo kuwa zito, tena lanuka mahakama ya ardhi. Kiswahili tayari kina neno zamu, nalo latosha kabisa: zamu ni muda tangu timu ipate mpira hadi mpira uende kwa timu nyingine. Timu ikikosa kikapu kisha ikaupata tena mpira uliorudi ubaoni, zamu haijaisha.

Zamu huweza kuhesabiwa moja moja kwa penseli. Ikiwa zilizopo ni takwimu za kawaida tu, zaweza kukadiriwa hivi: chukua mitupo yote ya kawaida, ongeza mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, ongeza mipira iliyopotezwa, kisha toa ribaundi ambazo timu ilizipata chini ya kikapu ilichokuwa ikikishambulia.

5. Kima cha ulinzi

Kima cha ulinzi ni alama walizofunga wapinzani katika kila zamu 100. Kikiwa kidogo, ulinzi ni mzuri. Tutoe mfano wa kubuni. Timu ya shule imecheza, wapinzani wamepata zamu 70 na kufunga alama 64. Timu ina gadi wawili.

(a) Gadi wa kwanza alipokonya mara 5. Alipokuwa uwanjani wapinzani walipata zamu 50 na kufunga alama 50. Kima ni 100. Alipopumzika walipata zamu 20 na kufunga alama 14; kima ni 70.

(b) Gadi wa pili alipokonya mara 1 tu. Alipokuwa uwanjani wapinzani walipata zamu 50 na kufunga alama 40. Kima ni 80. Alipopumzika walipata zamu 20 na kufunga alama 24. Kima ni 120.

Karatasi ya zamani ingemchagua wa kwanza bila kusita. Karatasi mpya yamtaka mwalimu asimame na kuuliza: huyu wa pili anafanya nini ambacho hatukukiandika? Pengine huwalazimisha wapinzani kupitia pembeni, au humkaba mpandishaji wao hata pasi zikachelewa. Tofauti kati ya vima viwili vya mchezaji mmoja twapendekeza iitwe tofauti ya ndani na nje.

6. Tahadhari

Hata hivyo, takwimu ni shahidi, si hakimu. Zamu 20 ni chache mno. Kikapu kimoja cha alama 3 kikiingia kwa bahati, kima cha zamu hizo hupanda kwa 15. Isitoshe, gadi hachezi peke yake; huenda alikuwa pamoja na wenzake hodari, au alikutana na wapinzani dhaifu. Kwa sababu hiyo, kima cha mchezo mmoja hakifai kumchagua wala kumwacha mtu. Sharti zikusanywe zamu za michezo mingi.

Tena yapo matendo yenye kuonekana ambayo yastahili safu zake. Tangu msimu wa 2013/14 viwanja vyote vya NBA vilikuwa na kamera za kufuatilia nyendo za wachezaji na mpira, na miaka michache baadaye ligi hiyo ikaanza kutangaza hesabu za miguso na mitupo iliyosumbuliwa. Shule zetu hazihitaji kamera. Wanafunzi wawili wenye daftari, mmoja akiandika zamu na wachezaji waliomo uwanjani, mwingine akiandika nani alimlinda nani, waweza kuifanya kazi hiyo, nao wakajifunza asilimia na wastani kwa vitendo.

7. Istilahi tunazopendekeza

Gadi: mmoja wa wachezaji wawili wa nyuma wapangao mashambulizi.
Mlinzi: mchezaji yeyote wakati timu yake haina mpira.
Upokonyaji: kuuchukua mpira wa mpinzani kwa halali, mkononi au njiani.
Uzimaji: kuuzuia kwa mkono mpira uliokwisha kutupwa kuelekea kikapuni.
Mguso: kuupotosha mpira wa mpinzani bila kuupata.
Mtupo uliosumbuliwa: mtupo uliofanywa mlinzi akiwa karibu, mkono juu.
Zamu: muda wa timu moja kuwa na mpira.
Kima cha ulinzi: alama za wapinzani kwa kila zamu 100.
Tofauti ya ndani na nje: kima mchezaji akiwamo, ukilinganisha na kima asipokuwamo.

8. Hitimisho

Hatudai kwamba maneno haya ni ya mwisho. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na watumiaji wa hizi ni walimu wa michezo, maafisa utamaduni, watangazaji na wafasiri wa vitabu vya mafunzo. Tunachosisitiza ni kanuni moja: jina la nafasi litengwe na jina la kazi, na kazi isiyoonekana ipewe jina ili ipate kuhesabiwa. Tunawaomba wasomaji, hasa wa shule za Tanga na pwani yake, wazijaribu istilahi hizi katika fomu zao, kisha watuandikie ni zipi zilizokubalika vinywani mwa wachezaji na ni zipi zilizokataliwa.