Mbwa alipotea siku tatu, sasa amerudi: ufanye nini?

Katika matangazo ya vilivyopotea tunayosoma jioni, mbwa hawakosi. Mwenye mbwa hutaja rangi, kitongoji na namba ya simu, kisha baada ya siku mbili tatu hutuma ujumbe: "Asanteni, amerudi." Sisi tunaondoa tangazo. Nyumbani kwake, ndugu msikilizaji, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mbwa dume huwa na sababu zake za kuondoka. Akinusa jike aliye kwenye joto, hata kama ni kijiji cha pili, atakwenda na atapigana na madume wenzake huko. Wengine hufuata harufu ya machinjio siku ya mnada, wengine hukimbia ngurumo za masika. Basi anza kumtafuta huko huko: nyumba zenye jike, machinjioni, jalalani.

Tatizo ni kwamba mbwa mwenye kichaa naye huzurura. Anaweza kutembea kilomita nyingi akiuma anachokutana nacho, na mbwa wako aliyelala nje siku tatu huenda amekutana naye.

Kwa hiyo akirudi, wazuie watoto kwanza, maana ndio watakaomkimbilia kumkumbatia. Mfungie peke yake, mpe maji na chakula, halafu mwangalie masikio, shingo na miguu. Ukiona alama za meno, usimshike kwa mikono mitupu. Mate ya aliyemuuma yanaweza kuwa bado kwenye manyoya. Mpigie afisa mifugo wa kata. Mbwa mwenye chanjo kwa kawaida huchanjwa tena mara moja na kufuatiliwa. Asiye na chanjo ni habari ngumu: unaweza kuambiwa umtenge kwa miezi, au auawe. Hata hivyo, usifiche majeraha kwa sababu unampenda.

Hapa watu wengi huchanganya hesabu mbili. Mbwa aliyeumwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuonyesha dalili, hivyo kuwa mzima leo si uthibitisho. Zile siku 10 mnazozisikia ni za mbwa aliyemuuma mtu. Akifungwa na kuangaliwa siku 10 akabaki mzima, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa. Lakini aliyeumwa hasubiri siku hizo ziishe. Anakwenda hospitali siku ile ile.

Dalili nazo zina mitego. Wengi tunamngojea mbwa mkali, anayetoa povu na kukimbiza watu. Wapo wanaougua kimya kimya. Mbwa anajificha gizani, sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanamtoka na hawezi kumeza. Ukimtazama unaona kama amekwamwa na mfupa, na mtu mwenye huruma anaingiza mkono mdomoni autoe. Usifanye hivyo. Wala usimpime kwa beseni la maji. Hofu ya maji ni dalili ya binadamu mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kusogelea maji na hata kuyanywa.

Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda au jicho, dawa ya kwanza ipo nyumbani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mmoja amimine kwa kata, mwingine aoshe. Jicho ni maji matupu, bila sabuni. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha nenda kituo cha afya. Kama chanjo haipo pale, uliza mapema ni hospitali gani inayo, na urudi kwa kila sindano utakayopangiwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kabla ya hapo kinazuilika.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto aliyekatazwa kuchezea mbwa anaweza kuficha mkwaruzo akiogopa fimbo. Muulize kwa upole, na mkague mikono na miguu.

Mbwa unayemshuku akifa, usimchune wala kumtupa porini. Mwite afisa mifugo. Kipimo hufanywa kwenye ubongo, kwa hiyo kichwa kilichopondwa kwa mawe hakisaidii tena.

Mbwa huchanjwa kila mwaka. Cheti kiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwa kuwa siku ukimpigia afisa mifugo, hicho ndicho atakachouliza kwanza.