Noti Ikubaliwe, Njia Ifunguliwe



Juma hili tunazungumza juu ya mambo mawili yanayotajwa kila siku sokoni hapa Omate. La kwanza ni maduka yanayokataa noti na kutaka pesa ya simu tu. La pili ni vizuizi vya njiani, tunavyoviita bariere. Katika mkutano wetu uliopita wamama waligawanyika. Wengine walitaka tukakae katikati ya njia na masufuria yetu mpaka wakubwa watusikilize. Wengine waliogopa, na woga wao una sababu. Kabla ya kuchagua, tuyaangalie kwanza mambo yenyewe.

Tulifikaje hapa

Watu wa Walikale wanajua maana ya pesa kupotea sokoni. Mnamo Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi zote za kuchimba madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na amri ile ilidumu mpaka Machi 2011. Sisi tunaoishi kwa dhahabu hatukuhitaji mwalimu wa kutueleza matokeo. Mchimbaji akikosa kazi, mama muuza ndizi anakosa mnunuzi, na mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Safari hii shida ilianzia Goma. Mji ule ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Noti mpya hazikuingia tena. Noti zilezile zilizunguka mikononi mwa watu mpaka zikachakaa, kisha wafanyabiashara wakaanza kuzikataa. Mwezi wa tatu vita vikafika kwetu: M23 waliingia Walikale-centre tarehe 19 Machi, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Hata kampuni kubwa ya Alphamin ilisimamisha kazi za kuchimba bati kule Bisie kwa majuma kadhaa.

Katika hali hiyo watu walikimbilia simu. Mwenye duka aliyechoka kubishana juu ya noti iliyochanika akaona ni afadhali alipwe kwa simu. Tunaelewa sababu yake, maana naye anunuapo mali kwa tajiri wake mkubwa, noti ile mbovu inakataliwa vilevile. Hatumwiti adui. Lakini mzigo alioutua yeye, mama mnunuzi ameubeba.

Simu ni msaada, isiwe kamba

Tusiseme uongo: pesa ya simu imetusaidia. Ilianza kwa nguvu Kenya mwaka 2007 na M-Pesa, ikaingia Kongo mwaka 2012. Leo mzazi wa Omate anaweza kumtumia mtoto anayesoma Kisangani pesa ya chakula bila kumtafuta msafiri mwaminifu. Mtu anaweza kupita porini bila kubeba noti zote mfukoni. Faida hiyo hatuitupi.

Ugumu unakuja pale ambapo simu inakuwa mlango mmoja tu. Nyumba nyingi zina simu moja, na simu hiyo ni ya bwana. Mama akitaka kununua chumvi na sabuni, anamwomba mume namba ya siri, au anangoja arudi kutoka mgodini. Mtandao ukipotea siku mbili, watoto wanalala njaa na pesa iko humohumo ndani ya simu. Mama mzee asiyesoma hawezi kujua kama ujumbe alioonyeshwa na mnunuzi ni wa kweli au wa kudanganya. Na kila mara pesa inapotoka kwenye simu kuwa noti, mwenye kabini anakata sehemu yake.

Tena kuna sanduku letu la AVEC. Wanachama wote wanajua desturi yake: funguo tatu, wamama watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote. Hata mama asiyejua kusoma anaona mafungu ya noti mezani na anajua akiba yake haijaibwa. Pesa hiyo ikiingia ndani ya simu ya mtu mmoja, kuhesabu kwa macho kumekwisha. Tutabaki na imani tu, na imani peke yake imevunja vikundi vingi.

Duka halitaki noti, bariere haitaki simu

Sasa tuje njiani. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilichapisha hesabu ya bariere za Kivu mbili, Kaskazini na Kusini: walizikuta 798. Nyingine ni za wenye silaha mbalimbali, nyingine ni za jeshi na watumishi wa serikali, na nyingine za wenyeji wenye kamba na gogo. Majina ya kodi tunayajua sana. Kuna jetoni, karatasi ndogo unayonunua ili ionekane umelipa. Kuna lala salama, unayolipa ili ulale nyumbani kwako mwenyewe.

Hapa ndipo mambo mawili yanakutana. Bariere haipokei pesa ya simu. Inataka noti, papo hapo. Duka nalo linataka simu. Basi mama mwenye noti anaweza kupita lakini hawezi kununua, na mama mwenye pesa ya simu anaweza kununua lakini hawezi kupita. Kila mmoja analazimika kwenda kabini kubadilisha, na kila badiliko lina malipo yake.

Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme mama amebeba ndizi na mawese ya franka 20.000. Njiani amepita bariere tatu, kila moja franka 1.000. Zimebaki 17.000. Mnunuzi amemlipa kwa simu, na mama anahitaji noti za kurudi nyumbani kupitia bariere zilezile tatu, kwa hiyo anatoa sehemu ya pesa kabini na kukatwa tuseme franka 500. Akirudi amelipa tena 3.000. Mkononi zimebaki 13.500, na bado hajanunua chumvi. Zaidi ya robo ya mzigo wake imekwenda, na hakuna hata franka moja iliyotengeneza daraja. Ndiyo maana bei ya sombe inapanda ijapokuwa shamba liko karibu.

Sisi walimu tunaijua njia hiyo pia. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, ili mishahara isiliwe na watu wa katikati. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mahali pasipo benki, mwalimu anaacha darasa siku kadhaa kuifuata pesa yake, na akirudi amegawa sehemu njiani. Watoto wanapoteza masomo kwa sababu ya noti na bariere.

Wengine walifanya nini

Hatuko peke yetu. Nchini Nigeria, mwanzoni mwa mwaka 2023, benki kuu ilibadilisha noti kwa haraka na noti mpya hazikutosha. Watu walipanga mistari mirefu mbele ya benki tangu alfajiri, na mwezi wa Februari ghasia zikatokea katika miji kama Ibadan na Benin City. Serikali za majimbo zilipeleka shauri mahakamani, na tarehe 3 Machi Mahakama Kuu ya nchi iliamua noti za zamani ziendelee kutumika mpaka mwisho wa mwaka ule.

Kenya, mwaka 2014, serikali ilitaka abiria wote wa matatu walipe kwa kadi badala ya pesa taslimu. Abiria, makondakta na madereva hawakuandamana sana. Waliendelea tu kutoa na kupokea noti, mpango ukafa. Huko Uswidi, nchi tajiri ambamo noti karibu zimesahaulika, raia walianzisha chama cha kutetea pesa taslimu, wakiwafikiria wazee na watu wa vijijini. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2020 kwamba duka lisimkatae mnunuzi mwenye noti. Norway nayo, tangu Oktoba 2024, imeimarisha haki ya mnunuzi kulipa kwa noti. Kama matajiri wanaona hatari hiyo, sisi wa Walikale tusione haya kuisema.

Na hapa nyumbani tunalo somo letu. Mnamo Septemba 2020 serikali ilileta kodi ya RAM, iliyokatwa kimyakimya katika uniti za simu zetu. Wenye simu ndogo walikatwa dola 1 kwa mwaka, wenye simu kubwa dola 7. Watu walikasirika. Vijana wa LUCHA, chama kilichozaliwa Goma mwaka 2012, walikuwa kati ya waliopaza sauti. Wabunge nao wakamhoji waziri. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kodi ile ikaondolewa. Haikuondoka kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele. Iliondoka kwa sababu watu wengi walisema jambo moja, kwa muda mrefu, mahali pengi.

Sheria inasema nini

Wamama, Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina maneno yanayotuhusu. Yaandikeni katika daftari.

Kifungu cha 170 kinasema franka ya Kongo ndiyo pesa ya Jamhuri, na ina nguvu ya kulipia katika nchi yote. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi bila sheria. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea kwa uhuru. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandika ombi kwa serikali, peke yake au pamoja na wengine, na kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Kifungu cha 26 kinaruhusu maandamano, lakini wenye kuyapanga wawajulishe wakubwa wa serikali kwa maandishi.

Lakini tukumbuke tunaishi wapi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na uhuru wa kukutanika ulipunguzwa. Huko Beni vijana wa LUCHA walioandamana kwa amani walikamatwa Novemba 2021, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja. Kwa hiyo wamama walioogopa mkutanoni si waoga. Wana watoto wa kunyonyesha.

Shauri letu

Sisi tunaoandika karatasi hii tunashauri tusikae njiani kwa sasa. Sababu ya kwanza ni usalama. Ya pili ni hii: tukifunga njia, tunayemfungia kwanza ni mama mwenzetu mwenye mgonjwa kwenye pikipiki au mwenye samaki wa kuuza kabla ya kuoza. Hatuwezi kulalamikia njia iliyofungwa kwa kuifunga sisi wenyewe.

Kukaa kimya nako hatukushauri. Tunaweza kufanya mambo manne.

Kwanza, wamama watano waende kwa wenye maduka, mmoja mmoja, kwa heshima. Tuwaombe wapokee noti kwa manunuzi madogo ya nyumbani: chumvi, sabuni, mafuta, daftari, dawa. Sisi nasi tuahidi kutowaletea noti zilizooza, na zile zilizochanika kidogo tuzibandike vizuri. Duka litakaloendelea kukataa, wamama wanajua njia ya kwenda duka lingine. Abiria wa Kenya walishinda hivyo.

Pili, tuwaombe wenye kabini waandike malipo yao kwenye ubao, kila mtu ayaone kabla ya kutoa simu.

Tatu, kila mama anayesafiri ahesabu alicholipa njiani kwa siku saba: mara ngapi, na franka ngapi. Asiandike wakati yuko njiani. Asiandike jina la mtu wala mahali penye bunduki, na asibishane na mwenye silaha. Atunze hesabu kichwani, aje aiseme nyumbani kwa katibu wa chama. Hakuna franka inayostahili maisha ya mama.

Nne, hesabu hizo zijumlishwe na ziwekwe katika ombi moja kwa mtawala wa teritwari, kwa kufuata kifungu cha 27. Tumwombe aondoe bariere zisizo na sheria ambazo ziko mikononi mwa watumishi wa serikali yake, na bei za zile zilizo halali zibandikwe wazi. Nakala ziende kwa chifu, kwa jamii ya kiraia na kwa viongozi wa makanisa. Asiyejua kuandika ataweka kidole. Vidole mia mbili vya wino ni vigumu kuvisahau kuliko jina moja.

Wazazi wa kiume nao tunawaita. Namba ya siri ya simu ya nyumba ijulikane na mama wa nyumba, maana ni yeye anayepika.

Jumapili, baada ya ibada, tutakutana chini ya mti wetu wa kawaida, kila mama na hesabu yake. Daftari, kalamu na kidau cha wino vitakuwa kwa katibu. Mwenye mtoto mdogo aje naye.