Kikombe cha Mwarobaini na Kidonge cha Presha: Mwambie Daktari Vyote Viwili

Siku ya kliniki ya presha na sukari huanza mapema. Wagonjwa huketi kwenye benchi, kadi mkononi, wakisubiri kupimwa. Kila anayeingia huulizwa swali lilelile: "Kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?" Wengi hujibu, "Hapana." Lakini miongoni mwao wapo waliokunywa kikombe cha mwarobaini alfajiri hiyo, wapo wenye chupa ya mafuta ya habbat soda kando ya kitanda, na wapo wanaomeza unga wa mlonge ulionunuliwa stendi ya matatu.

Anayejibu hivyo mara nyingi hana nia ya kudanganya. Kwake yeye, dawa ni kile kinachotolewa hospitalini. Majani yaliyochumwa nyuma ya nyumba ni majani tu. Mwingine huogopa kukemewa. Hata hivyo, jibu hilo ndilo linalomsaidia mhudumu wa afya kuamua kama dozi itaongezwa, itapunguzwa au itaachwa ilivyo. Jibu likipungua, uamuzi nao hupotoka, na anayeumia ni mgonjwa.

Mitishamba ni dawa, ndiyo maana inahitaji tahadhari

Hakuna sababu ya kudharau tiba za jadi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitambua, na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) imekuwa ikizifanyia utafiti. Dawa kadhaa za hospitali zenyewe zimetokana na mimea. Kwinini ilitoka kwenye gamba la mti wa sinkona. Artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa vidonge vya malaria vinavyotumika leo, hutolewa kwenye mmea wa artemisia.

Tofauti kubwa iko kwenye kipimo. Kidonge cha metformini cha miligramu 500 huwa na kiasi hichohicho cha dawa, kiwe kimetolewa Lamu au Lodwar. Majani ya mti hayako hivyo. Nguvu yake hutegemea umri wa mti, udongo, msimu, wingi wa majani na muda yaliochemshwa. Kikombe cha leo kinaweza kuwa kikali kuliko cha jana, na anayekunywa hana njia ya kujua.

Jambo la pili ni kwamba mti wenye nguvu ya kushusha presha au sukari hauachi kufanya kazi kwa sababu mgonjwa amemeza kidonge. Vyote viwili hushusha kwa pamoja. Presha ikishuka kupita kiasi, mtu huona kizunguzungu akisimama, na huweza kuanguka. Sukari ikishuka kupita kiasi, hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na asipohudumiwa haraka huweza kupoteza fahamu.

Mchanganyiko wa kuangalia

Vifuatavyo ni baadhi ya vitu vinavyopatikana katika nyumba nyingi, na sababu ya kuvitaja kliniki:

Mwarobaini na mlonge. Vyote viwili huweza kushusha sukari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa dawa hizo zenyewe huweza kuiteremsha chini sana. Mwarobaini haushauriwi kwa wajawazito, na mafuta yake yasinyweshwe watoto wachanga. Yamewahi kuwadhuru vibaya.

Habbat soda na chai ya rozela, yale maua mekundu ambayo wengine huyaita choya. Huweza kushusha presha kiasi. Kwa mtu anayetumia dawa za presha, kuongeza hivi kila siku ni kama kuongeza dozi bila kupimwa.

Mshubiri. Utomvu wake wa manjano wenye uchungu huharisha. Kuharisha hupunguza maji na madini ya potasiamu mwilini. Dawa za presha zinazoongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi na furosemaidi, nazo huweza kupunguza potasiamu. Vikikutana, misuli huweza kulegea au kukaza, na moyo kupiga bila mpangilio.

Kitunguu saumu. Kile cha kwenye mchuzi hakina tatizo. Tahadhari ni kwa vidonge vyake au kiasi kikubwa kinachomezwa kama dawa, hasa kwa mtu anayetumia warfarini au aspirini, kwa sababu damu huweza kuchelewa kuganda. Taja jambo hili pia kabla ya upasuaji au kung'oa jino.

Balungi. Tunda hili na maji yake huongeza kiwango cha baadhi ya dawa katika damu, zikiwemo nifedipini ya presha na simvastatini ya mafuta ya mwilini. Anayezitumia aulize kabla ya kulizoea.

Dawa za maumivu. Hizi si mitishamba, lakini husahaulika kutajwa vilevile. Diklofenaki na aibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti, huweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya dawa zake na kuumiza figo zikitumiwa mfululizo. Mgonjwa wa presha aulize mfamasia dawa ya maumivu inayomfaa.

"Nimepona, sasa naacha vidonge"

Kosa linaloleta madhara makubwa kuliko yote haya ni kuacha dawa. Mfano wake ni rahisi kuuona. Mama wa miaka 58 anapimwa na kukutwa na presha ya 170/100. Anaandikiwa vidonge. Wiki mbili baadaye jirani anamletea mizizi ya kuchemsha. Anatumia vyote viwili, na baada ya miezi mitatu kipimo kinasoma 128/80. Anafurahi, anasema mizizi imemponya, anaacha vidonge.

Kipimo kile kizuri hakikumaanisha kuwa ugonjwa umeondoka. Kilimaanisha kuwa umeshikiliwa. Kwa watu wengi vidonge vya presha haviondoi chanzo cha ugonjwa. Huidhibiti damu isisukume mishipa kwa nguvu kupita kiasi, mradi vinaendelea kumezwa. Vikiachwa, presha hupanda tena, na mara nyingi hupanda kimyakimya. Mtu hasikii kichwa kuuma wala moyo kwenda mbio. Analima, anapika, anasafiri, huku mishipa ya ubongo, moyo, macho na figo ikiumia. Kwa baadhi ya watu, dalili ya kwanza ni kiharusi.

Ndiyo maana kujisikia vizuri hakutoshi. Kinachoaminika ni kipimo. Presha inayosoma 140/90 au zaidi kwa mtu mzima, ikipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti, huhesabiwa kuwa ya juu. Ili kipimo kiwe sahihi, mtu akae ametulia kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni na mkono umelazwa usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika dakika 30 zilizotangulia.

Kuna wanaoacha vidonge kwa sababu vinawaletea kikohozi kikavu, kuvimba miguu au kukojoa mara kwa mara. Hayo ni malalamiko ya kweli na yana suluhisho. Enalaprili, kwa mfano, hukohoza baadhi ya watu, na kuna dawa nyingine inayoweza kuchukua nafasi yake. Mwanamke anayetumia enalaprili au losatani na anatarajia kupata mimba, au ameshaipata, arudi kliniki haraka abadilishiwe, kwani dawa hizo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wengine huacha kwa sababu ya gharama. Mkazi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) anastahili kuhudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya ngazi ya 2 na ya 3, kupitia Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi. Ambaye hajajisajili anaweza kuuliza namna ya kufanya hivyo katika kituo kilicho karibu naye.

Chupa isiyosema kilichomo

Mti unaoujua, uliouchuma mwenyewe, ni jambo moja. Chupa au unga unaouzwa kwa kipaza sauti sokoni ni jambo jingine. Katika nchi mbalimbali, wachunguzi wamewahi kukuta dawa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa na dawa za viwandani bila kutajwa: deksamethasoni na diklofenaki katika dawa za viungo, au sildenafili katika dawa za nguvu za kiume. Mnunuzi hupata nafuu ya haraka na kuisifu mizizi. Wakati huohuo, deksamethasoni inampandishia sukari na presha, na uso unaanza kuvimba. Sildenafili nayo, kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, huweza kuishusha presha ghafla hadi kuhatarisha maisha.

Kuwa na shaka na bidhaa inayodai kutibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na ugumba kwa pamoja. Isiyoandikwa kilichomo, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Au ambayo muuzaji wake anakuambia uache dawa za hospitali. Kwa dawa za dukani, nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Leseni hiyo inapaswa kuwekwa mahali ambapo mteja anaiona.

Mambo ya kufanya

1. Nenda kliniki na kila kitu unachotumia. Weka vidonge, chupa, unga na hata majani kwenye mfuko mmoja.

2. Sema bila kusubiri kuulizwa. Maneno machache yanatosha: "Daktari, mbali na hivi vidonge, kuna mti nakunywa nyumbani. Nimekuja nao uuone." Eleza unakunywa kiasi gani na mara ngapi.

3. Usiache wala kupunguza vidonge kwa uamuzi wako. Ukitaka kujaribu mti fulani, sema kwanza, ili upimwe kwa ukaribu zaidi.

4. Mwambie pia mganga wa mitishamba kuwa unatumia dawa za hospitali. Mganga anayejali atataka kujua.

5. Ukiwa na ugonjwa wa figo au ini, ukiwa mjamzito au ukinyonyesha, usinywe dawa yoyote ya mitishamba kabla ya kupata ushauri.

6. Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ile iliyo kwenye chakula cha dukani.

Usingoje siku ya kliniki

Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakianza kukatika ghafla, hiyo huenda ni kiharusi. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja. Usimkande wala kumnywesha chochote. Mgonjwa wa sukari akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe maji yenye sukari ikiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, kisha mfikishe kituoni. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukipungua sana au mwili ukivimba baada ya kutumia dawa yoyote, iwe ya hospitali au ya mti, iache kwanza, uende nayo kituoni siku hiyohiyo.

Wasioweza kufika kliniki kwa urahisi wanaweza kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao. Tangu mwaka 2023, wahamasishaji hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari, na hutembelea wakazi nyumbani. Akibisha hodi, muonyeshe vidonge, na ile sufuria iliyo jikoni muonyeshe pia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata tiba ikifichwa, mambo ni yaleyale.