Mhitimu wa Mawasiliano na Kiswahili: Si Utangazaji Pekee

Utangulizi

Mwanafunzi wa mawasiliano aliyeambatanisha somo hilo na Kiswahili huulizwa swali lile lile kila anapokwenda nyumbani likizoni: "Ukimaliza utakuwa nani?" Anayesomea udaktari au uhandisi halimtatizi swali hili, kwa kuwa jina la shahada yake ndilo jina la kazi yake. Wa mawasiliano hujibu "mtangazaji" ili mazungumzo yaishe. Jibu hilo lina hasara. Nafasi za kusoma taarifa ya habari runingani ni chache mno, na anayezilenga hizo pekee huenda akahitimu kisha akaketi akiamini kwamba masomo yake yalikuwa bure. Hata ualimu haumngojei: asiyepata mafunzo ya ualimu hasajiliwi na Tume ya Huduma za Walimu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba shahada hii humpa mhitimu stadi zinazohamishika kutoka kazi moja hadi nyingine, na kwamba stadi hizo ndizo mtaji wake.

Stadi zenyewe

Tukiondoa majina ya kozi, mwanafunzi huyu hufunzwa mambo manne: kukusanya habari na kupima ukweli wake, kuzipanga kwa maandishi au kwa sauti, kuhamisha maana kutoka lugha au sajili moja hadi nyingine, na kumtambua anayelengwa na ujumbe. Msomaji ataona kwamba kazi zinazotajwa hapa chini zinatofautiana kwa vyeo na mahali, lakini zote zinasimama juu ya nguzo hizi nne.

Vyombo vya habari

Nyuma ya mtangazaji mmoja kuna kundi zima: mwandishi, mhariri, mtayarishaji wa vipindi, msanifu wa kurasa na mtafsiri wa habari zinazoletwa kwa Kiingereza. Gazeti la Taifa Leo na Redio Taifa ya KBC haviendeshwi na sauti nzuri tu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle, iliyoanza 1963, zimedumu kwa miongo mingi kwa kutegemea watu wa namna hiyo ambao msikilizaji hawajui.

Bunge, mahakama na kaunti

Katiba ya mwaka 2010 ilikipandisha Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika Ibara ya 7. Ibara ya 120 inakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo panahitajika wanaonakili hotuba za wabunge katika kumbukumbu rasmi na wanaozihariri. Mabunge ya kaunti 47, yaliyoanza kazi mwaka 2013, yana mahitaji hayo hayo. Isitoshe, Ibara ya 196 inayataka yawashirikishe wananchi. Mswada wa kodi ulioandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria hauwezi kujadiliwa barazani mpaka apatikane wa kuufafanua bila kuupotosha.

Mahakamani uzito huzidi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Tofauti ya "nilimpiga" na "alinipiga" ni viambishi tu, ila mkalimani akiviteleza, asiye na hatia anaweza kufungwa. Anayedhani ukalimani ni kujua lugha mbili tu hajaufikiria vyema.

Afya na teknolojia

Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, wananchi walilazimika kuyaelewa kwa muda mfupi maneno kama barakoa na karantini. Mabango, matangazo ya redio na jumbe za rununu hazikujiandika. Katika teknolojia nako, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kazi iliyohitaji watu wa lugha kando ya watu wa tarakilishi. Leo mashine hutafsiri kwa sekunde chache, lakini bado hukosea maana na sajili. Kwa hiyo mhariri anayejua kosa liko wapi angali anahitajika.

Mfano mmoja

Marehemu Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, anatosha kuwa kielelezo. Aliandika riwaya ya Siku Njema (1996), akasoma habari runingani, akafundisha chuo kikuu nchini Marekani, na aliporejea akasimamia ubora wa Kiswahili katika Nation Media Group. Vyeo vilibadilika, stadi ilikuwa ile ile.

Maandalizi

Tusidanganyane: nyingi za kazi hizi ni za mkataba, na malipo ya mtafsiri mchanga hayatabiriki. Mwajiri naye haajiri cheti. Huomba kuona kazi. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aanze mapema kuhifadhi makala, tafsiri na vipindi alivyoshiriki. Achague uwanja mmoja, uwe sheria, afya au kilimo, ajifunze istilahi zake barabara. Jarida la chama na mafunzo ya kazini ni mahali pa kuanzia. Wahadhiri nao wanaombwa wafundishe ukalimani kwa vitendo, si kwa nadharia pekee.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Mhitimu wa mawasiliano na Kiswahili anayesubiri cheo kimoja huyaacha mashamba mengi bila kulimwa. Likizo ijayo, atakapoulizwa atakuwa nani, na aeleze anachoweza kufanya.