GHALA LA ZAMANI LITAKUWA NYUMBA YA MAZUNGUMZO



Wengi mmeuliza kwa nini ghala la zamani la chakula linatengenezwa. Wengine wanasema litakuwa "nyumba ya wendawazimu". Sivyo. Soma maelezo haya, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

KWA NINI NYUMBA HII?

Vita, kukimbia na kupoteza watu wetu huacha kidonda kisichoonekana. Mtu hapati usingizi, hushtuka ovyo, huwakasirikia watoto, hunywa pombe kupita kiasi au hukaa kimya siku nzima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 hivi kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Si aibu, wala si laana.

Msaada upo. Katika Nakivale, hapa Uganda, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia, wenye ugonjwa wa kiwewe, walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2008. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Miezi 9 baada ya ushauri, karibu watu 7 kati ya 10 waliopewa ushauri hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kati ya wale ambao hawakupewa ushauri, walikuwa chini ya 4 kati ya 10.

TUNABADILISHA NINI?

Tangu wengi wetu tuanze kupewa fedha badala ya mahindi, ghala limekaa karibu tupu. Kuta ni imara, bati halivuji, na kila mtu anaijua njia. Lakini ghala lilijengwa kutunza magunia, si siri za watu. Kwa hiyo:

1. Vyumba 3 vidogo vinajengwa ndani kwa matofali mpaka kwenye bati. Turubai halizuii sauti.

2. Madirisha yanawekwa juu ya kimo cha mtu. Mwanga na hewa vitaingia, lakini anayepita nje hataona ndani.

3. Milango ya vyumba itafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Aliyewahi kufungiwa anajua kwa nini.

4. Fito za foleni zimeng'olewa. Hapa hakuna kupangwa mstari.

5. Ukumbi wa mbele utakuwa wa cherehani, masomo ya jioni na michezo ya watoto. Anayeingia hatajulikana amefuata nini.

MASWALI MNAYOULIZA

Je, jina langu litapelekwa ofisini? Hapana. Utaandikwa kwa namba, na daftari litafungiwa sandukuni. Halihusiani na kadi ya chakula wala faili la kuhamia nchi nyingine. Tutamwambia mtu mwingine tu kama maisha yako au ya mwenzako yako hatarini, na tutakueleza kwanza ikiwezekana.

Je, ni lazima nisimulie yaliyonipata? Hapana. Utasema unachotaka, siku unayotaka.

Je, dawa zitatolewa hapo? Hapana. Dawa za kifafa na za magonjwa makubwa ya akili hutolewa kwenye kituo cha afya, nasi tutakusindikiza. Usiache dawa ghafla. Usimfunge mgonjwa kamba wala kumpiga.

Je, niache kwenda kwa mchungaji au sheikh? La. Endelea na sala, na huku uje.

TUNAOMBA NINI KWENU?

Kila kijiji kichague mwanamke 1 na mwanamume 1 wanaojua kutunza siri, ili wafundishwe kusikiliza. Msichague kwa cheo wala kabila. Ukuta mzuri hausaidii kitu ikiwa aliye ndani anatoa maneno nje.

Na ukiona jirani amejifungia siku nyingi, usimcheke. Mpigie hodi, ukae naye kidogo, kisha umsindikize.

Mfanyakazi wa jamii