Kwa Nini Lami Hubadilika Rangi

Barabara ya lami ikiwa mpya huwa nyeusi tititi. Baada ya misimu kadhaa ya jua na mvua weusi huo hufifia, na baadhi ya wananchi hudhani kwamba lami imekwisha. Mara nyingi sivyo. Rangi inayojitokeza ni ya mawe.

Sehemu kubwa ya tabaka la juu la barabara ni kokoto. Lami ni gundi ya kuzishika. Jua hukausha gundi hiyo, magurudumu huisugua, na uso wa jiwe hubaki wazi.

Sehemu kubwa ya Shinyanga imelala juu ya mwamba wa graniti, uleule ambao ukimeng'enyuka huzaa udongo wa kichanga uitwao luseni. Graniti ni ya kijivu cheupe au yenye wekundu hafifu, hivyo barabara yenye kokoto zake hupauka. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama ipo pia miamba ya kijani kilichokoza na meusi. Kokoto zake huiacha barabara na rangi nzito zaidi. Moramu ya barabara za vijijini ni nyekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu ardhini.

Kupauka pekee, basi, si ubovu. Hata hivyo, graniti haishikani na lami kwa nguvu kama baadhi ya mawe mengine, na maji yakipenya kati yao huzibandua kokoto. Ndiyo maana mafundi huweza kuchanganya chokaa ili kuimarisha mshikamano. Udongo mweusi wa mbuga nao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukiipasua barabara kutoka chini.

Dalili za kutiliwa maanani ni kokoto zilizong'oka na kuzagaa pembeni, nyufa kwenye kingo, maji yanayotuama na mashimo yanayoanza. Mwananchi akiziona, amweleze mtendaji wa kijiji au wa kata mapema, akitaja mahali hasa. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Za wilaya zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017.

Mitaro nayo isizibwe kwa taka wala kwa vivuko visivyo na karavati. Maji yakipata njia yake, barabara iliyopauka huweza kudumu miaka mingi.