Mgeni wa Sumbawanga na Sahani ya Mama Lishe

WAHENGA walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa desturi methali hii hutajwa pale mgeni anapoingia nyumbani, jogoo akachinjwa, na watoto wa nyumba nao wakapata kitoweo ambacho siku hiyo wasingekipata. Leo tungependa kuitumia kwa maana iliyo pana zaidi. Mgeni anayeingia katika mji asioujua, hana jamaa wa kumpokea, ila ana posho yake ya safari mfukoni na njaa tumboni, ni nani hasa anayepona kwa kuja kwake? Na yeye mwenyewe je, anapona?

Swali hili lilitujia katika safari yetu ya kwanza ya Sumbawanga, mji ambao ndugu zetu wengi wa Visiwani huusikia kwa jina tu, mpaka siku mtumishi wa taasisi ya Muungano anapokabidhiwa barua ya uhamisho, au mfanyabiashara anapofuata mahindi na maharage. Mji huu ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974. Umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Zamani msafiri wa masika alipotoka Tunduma hakuwa na hakika ya siku atakayofika. Leo ipo barabara ya lami ya zaidi ya kilomita 200, iliyojengwa kutokana na mkataba wa fedha za Changamoto za Milenia ambao Tanzania na Marekani walitiliana saini mwaka 2008. Barabara imeleta mabasi, na mabasi yameleta wageni. Wageni hao hawana budi kula.

Kabla ya kuondoka tulionywa na marafiki tusile ovyo tufikapo huko. Onyo hilo halikuhusu usafi. Lilihusu uchawi, maana jina la Sumbawanga, ambalo kwa Kifipa hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi", limegeuzwa na watu wa mbali likawa ushahidi dhidi ya wenyeji wake. Ndugu zetu wa Pemba wanaujua vizuri uchungu wa kusingiziwa namna hiyo. Ni ajabu mji uliojiita kwa jina la kuutupa uchawi ukaogopwa kwa uchawi uleule. Tunasema wazi kwamba hofu hii huwatoa wageni katika majiko ya wananchi na kuwapeleka mahali ambapo watalipa zaidi na kula vibaya zaidi. Sisi wenyewe ilitupata.

Jioni ya kwanza tuliketi katika chumba cha kulia cha nyumba tuliyofikia. Tuliletewa orodha ya vyakula iliyopigwa chapa na kufunikwa nailoni, yenye majina mengi ya kupendeza. Kila tulichokitaja hakikuwapo. Hatimaye tuliambiwa kuna chipsi na kuku. Tulingoja zaidi ya saa nzima, baridi ya uwanda ikituingia mifupani, na sahani ilipofika chipsi zilikuwa zimepoa, mafuta yakinuka moshi wa kukaangiwa mara nyingi. Bei yake, kama tulivyokuja kujua kesho yake, ilikuwa mara tatu ya chakula kamili cha sokoni.

Hatumlaumu mwenye nyumba ile kupita kiasi. Mahali penye wageni wanne au watano kwa usiku hapawezi kuweka vyungu sita motoni. Hapo chakula hukaa kikimngoja mlaji, au mlaji hukaa akikingoja chakula, na gharama ya kungoja huku kote hutiwa katika bei.

Asubuhi, katika ofisi tuliyokwenda, karani mmoja alituuliza: "Wazee wangu, jana mlikula wapi?" Tulipomweleza alicheka kwa adabu, akasema, "Saa saba tutatoka pamoja."

Alitupeleka nyuma ya soko, kwenye safu ya vibanda vya mbao na mabati. Wakati ule wa mchana hapakuwa na benchi tupu. Walikuwapo madereva wa malori, walimu, vijana wa kupakia magunia, na mabwana wawili wenye mafaili makwapani ambao bila shaka walikuwa watumishi wa serikali kama yeye. Mama mmoja mwenye kitambaa kichwani alitusogezea ndoo na jagi. "Karibuni baba zangu, maji ya kunawa haya. Wali ninao, lakini kama ndiyo mara ya kwanza kuja Ufipa, anzeni na ulezi."

Tulianza na ulezi. Kwa msomaji wa Visiwani tueleze kwamba ugali huu una rangi ya udongo mwekundu uliokolea, ni mzito kuliko wa mahindi, na hauhitaji mchuzi mwingi. Kabla mahindi hayajatawala, ulezi ndio uliokuwa nafaka kuu ya Wafipa. Waliulima kwa ujuzi wao wenyewe wa kufukia majani katika vilima vidogo vya udongo, yakaoza na kuwa mbolea. Siku hizi Rukwa inahesabiwa miongoni mwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayolisha taifa kwa mahindi, na ulezi umebaki zaidi katika uji na katika pombe. Kando ya ugali tuliwekewa maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya alizeti, mboga za majani, na kipande cha mgebuka wa Ziwa Tanganyika.

Hapa mtu wa pwani atashusha pumzi. Nazi hatazipata, maana mnazi haukubali baridi ya uwanda, lakini samaki atampata. Migebuka na dagaa hupanda kutoka Kasanga kwa barabara ipitayo Matai, safari ya zaidi ya kilomita 100, na Ziwa Rukwa nalo hutoa magege na kambale. Bei yao hupanda na kushuka. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mgeni atakayekuta samaki ameadimika miezi kama hiyo asidhani anaibiwa. Mchele nao hupanda kutoka bonde la Rukwa, na wali wa huko hupikwa kwa mafuta badala ya tui.

Sahani ile ina maana kubwa kuliko shibe ya mgeni. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ulikuta bado ni karibu nusu. Hili ni jambo la kusikitisha katika mkoa wenye maghala ya mahindi, nalo linatufundisha kwamba wingi wa nafaka ghalani hauifanyi sahani kuwa kamili. Kinachohitajika ni mchanganyiko, na mchanganyiko huo tuliukuta katika kibanda cha mama lishe. Mji unaoionea haya sahani hiyo na kuona fahari juu ya chipsi unajidhulumu.

Kwa nini basi chakula hiki kiwe kizuri na kiwe rahisi kwa pamoja? Sababu zake si siri. Mama lishe hununua asubuhi, hapohapo sokoni, kiasi anachojua kitaisha. Hupika vyungu vitatu au vinne kwa ajili ya watu wengi, si vyungu vingi kwa ajili ya watu wachache. Hana jokofu, kwa hiyo hana cha jana. Wateja wake ni walewale kila siku, na akiwaudhi leo, kesho watahamia benchi la jirani. Ushindani huo humlinda mlaji kuliko orodha yoyote iliyofunikwa nailoni.

Kutokana na hayo tunathubutu kumshauri ndugu anayefika mara ya kwanza. Asimuulize aliye mlangoni pa nyumba ya wageni chakula kizuri kiko wapi. Amuulize mtu anayekula nje kila siku kwa fedha yake mwenyewe: dereva, kondakta, karani, mwalimu. Aende mapema, kati ya saa sita na saa saba, wakati vyungu vingali vinatoka moshi. Akikuta mahali patupu wakati wa njaa ya watu wote, ajiulize sababu. Atazame kwanza ndoo ya kunawia na beseni la kuoshea sahani, ndipo atazame chakula. Aulize bei kabla ya kuketi, maana ni haki yake na wala si ubahili. Mwislamu aulize nyama ni ya nini na imechinjwa na nani, kwa sababu nguruwe huliwa na wengi huko. Aulize bila kununa, na atajibiwa bila kununiwa. Na katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, asidharau bakuli la uji wa ulezi la alfajiri.

Tukiishia hapo tutakuwa tumemsaidia mgeni tu, na mwenyeji tumemsahau. Wale mabwana wawili wenye mafaili walikula, wakalipa, wakashukuru. Lakini katika miji yetu mingi, Bara na Visiwani, imewahi kutokea kwamba mkono uliomega ugali mchana ndio uliotia saini jioni amri ya kubomoa kibanda. Historia yetu katika jambo hili si ya kujivunia. Katika operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wachuuzi wengi wa Dar es Salaam walikamatwa kana kwamba kuuza si kazi. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo, mama lishe wakiwamo, walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Mwaka 2021 likaja zoezi la kuwapanga upya na kuwahamisha kutoka kando ya barabara.

Hatupingi utaratibu, na hatudharau afya. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima, na mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ililazimika kufunga skuli na kuzuia uuzaji wa vyakula vya wazi. Waliofiwa wanajua uzito wake. Lakini kipindupindu hakifukuzwi kwa kupiga teke sufuria. Hufukuzwa kwa maji safi, choo, na mfereji wa maji machafu. Mama lishe anapohamishiwa mahali pasipo wateja, njaa ya wasafiri haihami pamoja naye. Nafasi yake huchukuliwa na mtu anayepitapita na beseni, asiye na benchi wala ndoo ya kunawia, na ambaye Bwana Afya hatampata akimtafuta.

Visiwani tunao mfano wetu wenyewe. Bustani ya Forodhani ilipofanyiwa matengenezo makubwa kuanzia mwaka 2008 kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, wauza vyakula waliondolewa kwa muda. Bustani ilipofunguliwa mwaka 2009, walirudi palepale walipozoeleka, katika mazingira yaliyo safi zaidi. Wageni hawakupungua, na mishikaki haikupoteza ladha kwa kupata taa na mahali pa kutupa taka.

Sumbawanga haihitaji bustani ya baharini. Vibanda vile vya nyuma ya soko, na vinavyofanana navyo karibu na kituo cha mabasi, vinahitaji bomba la maji, paa lisilovuja, mfereji, na choo kinachofungwa kwa mlango. Vinahitaji Bwana Afya anayekuja kupima na kufundisha kabla ya kutoza faini. Fedha za kuanzia si ndoto. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Ni wanawake gani wanaostahili kufikiriwa mapema kuliko hawa wanaowalisha hata wale wanaogawa mikopo hiyo?

Siku ya kuondoka tulipita pale alfajiri kunywa uji. Mama yule alikuwa amekwisha kufika, naye alikuwa akimlipa kijana wa mkokoteni kwa ajili ya ndoo za maji, kama anavyofanya kila siku ya Mungu. Tulimwuliza maji hayo humgharimu kiasi gani. Alitabasamu, akasema, "Baba, yamo humo humo kwenye bei ya sahani." Maana yake ni kwamba kila mtumishi wa serikali anayekula pale huchangia, sahani kwa sahani, gharama ya bomba ambalo ofisi yake haijalivuta.

Mgeni amekwisha kuja, na atazidi kuja. Waheshimiwa wenye dhamana ya mji, ndani ya Sumbawanga na penginepo, watakapokwenda kula mchana wa leo, tunawaomba watazame ndoo ya kunawia ilitoka wapi, ili kesho mwenyeji naye apate kupona.